Lifti ya mfano: dhana potofu zinazoikwamisha katikati ya ghorofa

Anayetaka kutengeneza lifti ya mfano kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha vifaa, huanza kwa kuuliza anunue bodi ipi yenye nguvu zaidi. Lifti ya ghorofa nne ina vitufe vichache, vihisi vinne, mota moja na pengine mlango. Bodi ya Arduino Uno R3, yenye kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za data, inaimudu kazi hiyo na nafasi inabaki. Ugumu uko kwingine: mashine hii lazima ijue iko wapi wakati wote, na lazima iweze kusimama hata programu inapokosea. Dhana potofu nyingi huzaliwa pale mtu anaposahau mambo hayo mawili.

Dhana: Mota huunganishwa moja kwa moja kwenye pini ya bodi.

Pini ya Uno haipaswi kuvuka miliampea 40, na salama zaidi ni kubaki karibu na 20. Mota ndogo ya kuchezea, ikikwama tu, inaweza kuvuta hadi karibu ampea 1. Pini hutoa amri. Umeme wa kuinua kabini upitie kwenye draiva ya mota, saketi inayopokea amri ya pini na kupitisha umeme mkubwa, na utoke kwenye betri yake yenyewe. Waya hasi wa betri hiyo uungwe na ule wa bodi, la sivyo draiva haitaielewa amri. Kumbuka pia kwamba L298N, draiva inayopendwa sana, hula takriban volti 2 au zaidi njiani. Ukiipa volti 6, mota inapata kama 4, halafu mtu anailaumu mota kuwa dhaifu.

Dhana: Nikipima sekunde za kutoka ghorofa moja hadi nyingine, sihitaji vihisi.

Hii ndiyo dhana iliyoharibu mifano mingi kuliko zote, na inavutia kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi. Unapima: kupanda ghorofa moja, sekunde tatu. Unaandika sekunde tatu kwenye programu, kabini inasimama mahali pake, unafurahi. Lakini ikishuka, uzito wake unaisaidia mota, kwa hiyo katika sekunde zile zile inakwenda mbali zaidi. Ikipanda na mzigo inakwenda pungufu. Betri ikichoka, hesabu yote inabadilika tena. Na makosa haya hayafutani, kwa sababu yote yanaelekea chini: kupanda kunapungua, kushuka kunazidi. Kosa la milimita 2 kwa kila safari linakuwa milimita 40 baada ya safari 20, na hapo mlango unafunguka mbele ya ukuta.

Wapo wanaokimbilia mota ya hatua, ile inayozunguka kwa hatua ndogo zinazohesabika. Ile ndogo ya 28BYJ-48 huchukua takriban hatua 2048 kwa mzunguko mmoja. Ukiifungia gurudumu la kamba lenye kipenyo cha sentimita 2, kila hatua ni kama milimita 0.03. Usahihi huo ni mzuri, ila una masharti. Mota hiyo ikizidiwa na mzigo huruka hatua bila kumwambia mtu, na programu inaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme ukikatika, hesabu yote inafutika.

Weka kihisi kwa kila ghorofa: sumaku ndogo kwenye kabini, na swichi ya sumaku kwenye fremu. Kisha ifundishe lifti kwamba kila inapowashwa ishuke polepole hadi iguse kihisi cha chini kabisa, na hapo ndipo ianze kuhesabu. Kuhesabu hatua kubaki kwa ajili ya kupunguza mwendo taratibu kabla ya kufika.

Dhana: Mota ikizimwa, kabini hubaki ilipo.

Inategemea gia. Mota yenye gia za kawaida inaweza kurudishwa nyuma na uzito wa kabini, ukaiona ikiteleza chini taratibu kama pazia. Gia ya skrubu kwa kawaida haizungushwi na mzigo, ndiyo maana napendelea kuanza nayo. Katika lifti halisi breki hubanwa na springi na kuachiwa na umeme, hivyo umeme ukipotea breki inashika yenyewe.

Uzito wa kusawazisha nao husaidia mno. Kabini ya gramu 400 kwenye gurudumu la nusu kipenyo cha sentimita 1 inaidai mota nguvu ya msokoto ya kama nyutoni-mita 0.04. Ning'iniza gramu 300 upande wa pili wa kapi, na deni linashuka hadi robo. Lifti halisi huweka uzito unaolingana na kabini tupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wake wa juu kabisa.

Dhana: Kitufe kinachorukaruka kinaharibu lifti.

Ni kweli kwamba swichi ikibonywa hugusa na kuachia mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Lakini wito wa lifti ni alama tu: "ghorofa ya 3 inahitajika." Ukiiwasha mara tano ndani ya milisekunde, bado ni wito mmoja. Tatizo linakuja ukitumia swichi moja kuhesabu ghorofa zinazopita, kwa sababu ghorofa moja itahesabiwa kama mbili. Kila ghorofa ikiwa na kihisi chake, hofu hiyo inaisha.

Dhana: Lifti humhudumia kwanza aliyebonyeza kwanza.

Tuseme kabini iko ghorofa ya 1, na waliomo ndani wamebonyeza 4, kisha 2, kisha 3. Ukifuata foleni, itatembea ghorofa 3, kisha 2, kisha 1: jumla 6. Ukiiacha iendelee upande mmoja ikisimama penye wito, inamaliza kwa 3. Kanuni ni hiyo: endelea na uelekeo ulionao mpaka wito wa mbele uishe, ndipo ugeuke. Wataalamu wa kompyuta waliazima wazo hili kupanga usomaji wa diski, na wakaliita kwa jina la lifti. Kwenye programu ni safu moja ya alama za ndiyo na hapana, pamoja na kigeu kimoja cha uelekeo.

Ili wito mpya usikike hata lifti ikiwa kazini, epuka `delay()`, amri inayoisimamisha programu kwa muda. Mlango ukisubiri sekunde tatu kwa amri hiyo, bodi haisikii kitufe chochote. Linganisha muda kwa `millis()`, inayotaja milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe.

Dhana: Programu nzuri inatosha kwa usalama.

Mwaka 1854, jijini New York, Elisha Otis, Mmarekani aliyebuni breki ya usalama ya lifti, alisimama kwenye jukwaa la lifti mbele ya umati na kamba ikakatwa. Jukwaa likasimama, kwa kuwa springi ilisukuma vishikio vikang'ata meno ya reli. Kilichoshika kilikuwa chuma, bila ya mtu kutoa amri.

Katika mfano wako, weka swichi za kikomo juu na chini, nje ya vihisi vya ghorofa, na umeme wa mota upite ndani yake. Chagua upande wa swichi unaopitisha umeme mpaka swichi ibonywe, ili waya ukikatika mota izimike. Funga dayodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na kila swichi, uelekeo ukiwa sahihi, na kabini iliyokwama juu itaweza kushuka ila haitapanda zaidi.

Kisha ijaribu kwa makusudi: chomoa waya wa kihisi cha ghorofa ya juu, ita lifti huko, na uangalie kama swichi ya kikomo inaizuia kabla haijagonga kapi.