Volti hazigawanwi, jamani

Nimeshachoka na hii. Juzi tena hapa Ngamiani, ekstensheni imenuka mpaka plastiki imegeuka kahawia, mwenye nyumba ananiambia "lakini fundi, pasi na birika si vinagawana umeme, kila kimoja kinapata nusu?" Hapana mama, hapana.

Soketi zote za nyumba ziko paraleli, yaani kila moja ina njia yake. Kila unachochomeka kinapata volti 230 zake kamili na kinavuta ampia zake, yaani kiasi cha umeme kinachopita, bila kumuuliza jirani. Birika la wati 2000 linavuta kama 8.7, pasi ya 1000 kama 4.3, jumla 13, na hiyo jumla yote inapita kwenye kile kiwaya kimoja cha ekstensheni ambacho ukikimenya unakuta nyuzi za shaba za kuhesabu. Ampia zikiwa mara mbili joto la waya linakuwa mara nne. Sasa hapo mmegawana nini?

Ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, unaopimwa kwa ohm, nao unapungua ukichomeka vyote viwili: ohm 26 za birika na 53 za pasi zinakuwa kama 18. Njia za umeme kupita zimeongezeka, basi, tuendelee.

Halafu anatokea mjuaji: "mbona friji ikianza taa inafifia, si imenyang'anywa?" Huyu ndiye ananiudhi zaidi maana ameona kitu cha kweli akakielewa upande. Kitabuni waya unachorwa kama hauna ukinzani, wako unao. Waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye mita ya luku mpaka chumba cha uani, tuseme mita 40, kwenda na kurudi 80, unakaribia ohm 1. Vuta ampia 10, volti 10 zinaishia njiani, kwa hiyo wote mlioko mwisho wa waya mnapata 220, wote sawa, waya ndio umekula. Na mota ya friji ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake, ikishazunguka taa inarudi.

Ila volti zikishuka siwezi kuapa ni waya wako au ni laini ya mtaa mpaka nipime pale kwenye luku vitu vikiwa vimewashwa. Na hesabu zangu za ohm zinanyooka kwa birika na pasi tu, baadhi ya taa za LED volti zikishuka ndio kwanza zinavuta ampia zaidi.

Na usiniambie fyuzi ya plagi itakulinda, ile ya ampia 13 inaweza kubeba 16 muda mrefu tu huku ekstensheni inaiva. Birika chomeka ukutani.