Valvu ya njia moja kwenye pampu ya maji machafu

Kwenye jengo lenye maegesho chini ya ardhi, maji yanayovuja hukusanyika shimoni na pampu huyasukuma juu hadi mtaroni. Juu ya pampu hufungwa valvu ya njia moja. Ndani yake mna kibao kinachoning'inia kwenye bawaba: maji yakipanda hufunguka, yakitaka kurudi hujifunga. Hakitumii umeme.

Valvu isipokuwepo, pampu ikizima tu maji yote ya bombani hurudi shimoni. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, hivyo likipanda mita 4 hurudisha lita 8. Kwenye shimo jembamba, hizo zinaweza kutosha kuinua boya la swichi, na pampu ikawaka tena kusukuma maji yaleyale. Mota huchoshwa na huko kuwaka na kuzima kuliko na wingi wa maji.

Tatizo ni kwamba kibao huchelewa. Umeme ukikatika, maji yanayopanda hupungua kasi, husimama, kisha huanza kushuka. Kibao kilichokuwa bado wazi hubamizwa nayo kwenye kikalio chake, yaani ukingo kinaoufunga. Ndio ule mshindo unaotikisa bomba hadi ghorofani. Nikolai Joukowsky, mwanasayansi Mrusi aliyechunguza mabomba ya Moscow, alionyesha mwaka 1898 kuwa ukubwa wa pigo hufuata kasi iliyozuiwa ghafla: kwenye bomba la chuma, kuzuia kasi ya mita 1 kwa sekunde huongeza shinikizo la takriban baa 12 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa). Bomba la plastiki hutanuka kidogo, kwa hiyo pigo lake ni dogo zaidi.

Wengi hung'oa valvu inayopiga kelele na kufunga nyingine ya aina ileile, kelele zikabaki palepale. Inayofaa ni yenye springi, maana hufunga kabla maji hayajageuka. Kwa maji ya choo, hata hivyo, springi hunasa matambara. Huko heri valvu ya njia moja ya tufe, ambayo badala ya kibao ina tufe linaloinuliwa na maji.

Valvu ikikaa karibu na pampu, hewa inaweza kunaswa chini yake, pampu ikanguruma bila kutoa tone. Ndiyo sababu fundi hutoboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, kati ya pampu na valvu, ndani ya shimo. Kamchirizi kanakoruka hapo pampu ikifanya kazi si uvujaji; usikazibe.