Rangi ya udongo na hofu ya chumba kuwa giza

Wengi tunaamini ukipaka sebule rangi ya udongo, ile kahawia yenye wekundu kama chungu kilichochomwa, basi chumba kinakuwa giza na kinaonekana kidogo. Kuna ukweli ndani yake, rangi iliyokolea inarudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Ila mwanga wa chumba hautegemei ukuta peke yake, kuna dirisha, siling, sakafu, na mara nyingi balbu ndo inayoharibu: ukiweka nyeupe ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga wa balbu) udongo unapooza, ukiweka ya njano ya 2700K ukuta uleule unachangamka kabisa, yani utadhani umepaka upya.

Halafu udongo hauko mmoja. Kadi nyingi za rangi zina namba ya LRV, 0 ni nyeusi na 100 ni nyeupe, ikipanda ndo ukuta unarudisha mwanga zaidi, so iulizie dukani kabla hujabeba ndoo.

Mi nakushauri chukua manila, paka mara mbili, ikikauka ibandike ukutani uiangalie asubuhi, saa nane mchana na usiku taa zikiwaka, kisha ihamishie ukuta ulio mbali na dirisha, huko ndo utaiona ilivyo hasa.