Je, wajua kwa nini soksi ya pamba hulowa chepechepe ukinyonga baiskeli?

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 tu. Inyonge baiskeli njia hiyo mchana wa Januari, mvua imetoka kukatika, halafu vua viatu. Soksi ya pamba unaikamua. Mwenzako mwenye soksi nyembamba ya poliesta, ile ambayo ukiivuta mbele ya dirisha unaona vitundu vyake, yake ina unyevunyevu tu. Na jasho mmetoka sawa.

Watu husema pamba haipitishi hewa. Wanaionea. Inapitisha, ila ni mlevi wa maji. Jasho huingia mpaka ndani ya unyuzi wenyewe, unyuzi ukavimba, vitundu vikazibana. Hata kabla hujaivaa, katika hewa ya kawaida, pamba imeshabeba maji yanayofikia asilimia 8 hivi ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata nusu asilimia. Nailoni iko katikati, kama 4. Kwa kuwa poliesta hainywi, jasho hutambaa kwenye upenyo kati ya uzi na uzi mpaka upande wa nje, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi.

Utasema: mbona utambi wenyewe ni wa pamba? Kweli. Lakini mafuta ya taa hayaingii ndani ya unyuzi, yanapita pembeni na kwenda zake. Maji ndiyo hukaribishwa yakakaa.

Likishafika nje, jasho linahitaji upepo. Lita moja ikikauka mwilini huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Likichuruzika bila kukauka, haliondoi kitu cha maana. Baiskeli inakutengenezea upepo huo yenyewe, ndiyo maana ukisimama tu kununua maji ya kunywa, jasho hukububujika. Ila kiatu nacho kiwe na matundu. Soksi nzuri ndani ya kiatu cha ngozi kilichozibwa kote ni kazi bure, na unyevu wa hewa ukiwa mkubwa, hata poliesta huchelewa kukauka.

Ngozi iliyolowa nayo husuguana zaidi na kitambaa, hapo malengelenge hayako mbali.

Kwenye mitumba soksi nyingi hazina lebo. Nunua pea mbili unazozishuku, ziloweke, zikamue, zianike kivulini saa moja. Kisha shika kisigino cha kila moja.