Tarehe ya ukomo wa mpango wa uzeeni, na maana ya kusogezwa kwake

Mpwa wangu anafanya kazi Ohio, Marekani. Juzi alinitumia picha za barua mbili za mwajiri wake. Ya kwanza ilisema mpango wa akiba ya uzeeni wa kampuni utakoma tarehe 30 Juni. Ya pili ikasema tarehe imebadilishwa, sasa ni 30 Septemba. Akauliza: "Mjomba, ndiyo pesa zangu zimechelewa miezi mitatu?"

Siyo hivyo, na kosa lake lina sababu. Sisi wa Unguja na Pemba tumezoea ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1998. Mwajiri akifunga biashara yake, Mfuko upo palepale. Kule, mpango kama huu ni wa mwajiri: aliuanzisha kwa hiari yake na anaweza kuukomesha.

Tarehe ya ukomo si siku ya kulipwa. Ni siku ambayo mpango unahesabiwa umesita, na haki za kila aliyemo zinapimwa hapo. Fedha alizokatwa mfanyakazi ni zake tangu mwanzo. Zile alizoongezewa na mwajiri, mara nyingi huiva, yaani huwa haki yake kamili, kidogo kidogo kwa miaka ya utumishi. Chukulia mtu ameongezewa dola 4,000, na kwa miaka yake mitatu ameshapata haki ya asilimia 40, yaani 1,600. Tarehe ya ukomo ikimkuta yumo kazini, sheria inaziivisha zote 4,000 kwa mara moja. Akiacha kazi kabla, akachukua chake na kuondoka, zile 2,400 anaweza kuzikosa.

Kwa hiyo tarehe ikisogezwa, kinachosogea ni siku ya kuiva. Hili ndilo ninalotaka kila mwenye jamaa huko alifahamu, maana barua hizo huandikwa kwa lugha kavu na watu huziweka kando.

Mwajiri anaweza kuisogeza mbele maadamu haijafika, kwa azimio jipya la maandishi. Ikishapita, hawezi kurudi nyuma kumnyang'anya mtu haki iliyokwisha kuiva. Mipango ya pensheni ya kila mwezi iliyo chini ya PBGC, shirika la serikali ya Marekani la kudhamini pensheni, lililoundwa kwa sheria ya 1974, ina masharti makali zaidi: wanachama wapewe notisi siku 60 hadi 90 kabla, na tarehe ikisogezwa isivuke siku 90 tangu notisi ya mwanzo kutolewa.

Malipo yenyewe huja baada ya ukomo, kwa kawaida ndani ya miezi 12. Mwajiri akizembea zaidi ya hapo, mamlaka ya kodi inaweza kuuhesabu mpango kuwa bado hai, naye akabaki na wajibu wa kuuendesha kwa mujibu wa sheria zote.

Mpwa wangu ana miaka mitatu na ushei pale, na alikuwa ameshapanga kuacha kazi mwezi wa Julai. Nilimwambia asome barua ya pili tena, amuulize msimamizi wa mpango kwa maandishi asilimia yake imefika ngapi, na asitie saini ya kuacha kazi kabla jibu halijaja.