Je, wajua Wanazi walimjuaje nani ni Myahudi?

Si kwa pua wala kwa damu, ingawa ndivyo walivyohubiri. Hakuna kipimo cha maabara kilichoweza kumtenga Myahudi wa Berlin na jirani yake Mkristo. Walitegemea makaratasi.

Sheria za Nuremberg za 15 Septemba 1935, sheria za Wanazi za kuwabagua Wayahudi, hazikusema Myahudi ni nani. Hesabu ilikuja na kanuni ya 14 Novemba: tazama babu na bibi wanne. Wakiwa Wayahudi watatu au wote, mjukuu ni Myahudi, hata kama kabatizwa. Wakiwa wawili ni chotara, lakini huhesabiwa Myahudi akiwa muumini wa sinagogi au kama mwenzi wake ni Myahudi. Na babu mwenyewe alijulikanaje? Kwa dini yake! Akiwa ameandikishwa kwenye jumuiya ya sinagogi, basi ni Myahudi kamili. Nadharia nzima ya damu ikawa imeegemea daftari la waumini.

Usajili wa vizazi wa serikali ulienea Ujerumani yote mwaka 1876 tu, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo walisakwa kwenye vitabu vya ubatizo, makasisi wakinakili vyeti. Sensa ya 17 Mei 1939 iliongeza kadi ya pekee iliyouliza habari za kila babu na bibi.

Kwa Waroma (Wagipsi), kikosi cha daktari Robert Ritter kilizunguka kwenye kambi zao kikipima vichwa na kuchora nasaba. Kwa mtu mweusi daftari halikuhitajika: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili Berlin, alikamatwa mwaka 1941 na kufia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Mfumo huu uliua zaidi pale ambapo ofisi zilikuwa nadhifu. Uholanzi kila mkazi alikuwa na kadi yake ya usajili. Amri ya Januari 1941 ya Wajerumani walioikalia nchi hiyo iliwataka Wayahudi wajiandikishe, na karibu wote walitii. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000, kama 102,000 waliuawa. Usiku wa 27 Machi 1943, wapinzani wa Wanazi waliovaa sare za polisi waliiwasha moto ofisi ya usajili ya Amsterdam. Zimamoto wakamwaga maji kupita kiasi kwa makusudi, ili kadi zilizopona moto ziharibiwe na maji. Hata hivyo nyingi zilisalimika, na wapinzani 12 walipigwa risasi Julai 1. Treni za kuwapeleka Wayahudi kambi ya mauaji ya Auschwitz zilikuwa zimeanza kuondoka tangu Julai 1942.