Kiegemeo cha mkono katika gari dogo la manyuo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye gari dogo la manyuo, yaani lile la kukanyaga klachi, hakosi kuambiwa kwamba gari lake limepungukiwa na kitu kimoja tu ili lifanane na magari ya wakubwa, nacho ni kiegemeo cha mkono baina ya viti viwili vya mbele. Wauzaji wa mapambo ya magari wa Kariakoo, Dar es Salaam, hukiita amresti na hukisifia kwa maneno mengi, baadhi ya kweli na mengine ya kuuzia.

Dhana: kiegemeo hakiwezi kumsumbua dereva kwa sababu kipo nyuma ya leva ya gia.

Anayesema hivi amekihesabu kiganja akakisahau kiwiko. Usukani wa magari yetu upo kulia, kwa hiyo gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Gia ya 1, ya 3 na ya 5 husukumwa mbele na mkono ukanyooka, wala hapo hakuna tatizo. Gia ya 2 na ya 4 huvutwa nyuma, na kila kiganja kinaporudi, kiwiko nacho hurudi na kutafuta nafasi ya kupita. Katika gari kubwa nafasi hiyo ipo, kwa kuwa kutoka leva hadi mgongo wa kiti ni mbali. Katika gari dogo haipo, na kiwiko hugota kwenye kiegemeo. Dereva hujirekebisha bila kujijua: huinua bega, huivuta leva kwa ncha za vidole, gia huingia nusu na giaboksi hulia. Gia ya 2 ndiyo inayoumia zaidi, maana kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni mtu huiingiza na kuitoa mara nyingi kuliko gia nyingine yoyote.

Kuna pia hendibreki, ambayo katika magari mengi ya aina hii hukaa katikati ya viti, mahali palepale kiegemeo kinapofungwa. Mimi nililijua jambo hili kwa vitendo. Fundi aliyenifungia kiegemeo changu cha kwanza alikipima gari likiwa tambarare na hendibreki ikiwa chini, akaridhika, nami nikaridhika. Siku ya pili nilisimama kwenye mlima, nikaivuta hendibreki iliyozoea kulia mara sita au saba kabla ya kukaza. Ililia mara tatu, ikagonga upande wa chini wa kiegemeo na kuishia hapo, na gari likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea bajaji iliyokuwa imesimama. Mguu uliwahi breki. Kiegemeo kile kilitolewa jioni ileile.

Dhana: mbona Passo inacho tangu kiwandani, nayo ni ndogo?

Ni kweli inacho, lakini ulinganisho huu haukai. Passo nyingi zinazokuja kutoka Japani ni otomatiki, viti vyake vya mbele vimeunganishwa kama benchi, leva ya gia imepandishwa karibu na usukani au kwenye dashibodi, na breki ya kuegesha hukanyagwa kwa mguu. Waliolisanifu waliiondoa kwanza kila kazi iliyokuwa katikati, ndipo wakaweka kiegemeo. Ukikiweka kitu hichohicho kwenye gari la gia 5 lenye hendibreki ya kuvuta, unakiweka juu ya kazi ambayo bado inaendelea.

Dhana: kwenye safari ndefu mtu hawezi kuishi bila hicho.

Hapa pana ukweli wa kiasi. Gari likiwa kwenye gia ya 5 na barabara imenyooka, mkono uliopumzishwa kwa kimo sahihi hulipunguzia bega uchovu. Lakini barabara zetu kuu hazikuachi kwenye gia ya 5 kwa muda mrefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni takribani kilomita 190, na njiani kuna vijiji vyenye kibao cha 50, matuta, na malori yanayopanda taratibu. Kila kimoja kinadai gia ya 4, ya 3, au ya 2. Isitoshe, mkono unaoegemezwa ni mkono ulioondoka kwenye usukani, na shule za udereva zinaposisitiza mikono miwili hazifanyi hivyo kwa kupenda ukali.

Dhana: kinaokoa giaboksi, kwa kuwa dereva haachi tena mkono juu ya leva.

Kasoro yenyewe ni ya kweli: uzito wa mkono unaolala juu ya leva huisukuma uma ya gia, yaani kipande cha ndani ya giaboksi kinachofuata leva na kuingiza gia, dhidi ya sehemu inayozunguka, na baada ya muda uma hulika. Dawa yake, hata hivyo, ni kuurudisha mkono kwenye usukani, na hiyo haiuzwi dukani.

Dhana: kinachofungika kinafaa, na hakihusiani na usalama.

Vipo vinavyokandamizwa kwenye matundu ya vikombe, na hivi hucheza na kung’oka ukivilemea. Vipo vya skrubu, ambavyo fundi huvitobolea konsoli, yaani sanduku la katikati ya viti vya mbele; katika magari mengi kisanduku kinachoongoza mifuko ya hewa kimewekwa chini ya konsoli hiyohiyo, na drili haichagui. Vipo vinavyoziba kifungio cha mkanda, na mkanda unaotafutwa kwa kupapasa ndio abiria anaoamua kuuacha. Baadhi ya magari madogo mapya, kama Toyota Yaris na Honda Jazz zilizoingia soko la Ulaya mwaka 2020, yana mfuko wa hewa unaofumuka baina ya viti vya mbele, kwa hiyo hapo hapafai kufungwa kitu ambacho mtengenezaji hakukiidhinisha.

Kwa maoni yangu, aina pekee inayostahili kufikiriwa katika gari dogo la manyuo ni inayokunjika ikasimama wima kando ya kiti, na hiyo nayo ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Zima injini, sogeza kiti pale unapokaa siku zote, funga mkanda, kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote pamoja na rivasi huku kiegemeo kikiwa chini, na uivute hendibreki hadi mwisho. Mtu mfupi asikubali muuzaji mrefu amjaribie, kwa sababu anayekaa mbele zaidi hukikuta kiegemeo kilichofungwa kwenye konsoli kikiwa nyuma ya kiwiko chake, ambako hakiegemeki. Changu cha sasa ni cha kukunjika, na kwa mwezi mzima huenda nikakishusha mara mbili. Muda mwingine kimesimama, ndani yake mna chenji ya maegesho na waya wa kuchajia simu.